Ndiyo Isiyo na Jina

Fedha za jeshi la Tanzania hupitishwa kwa sauti. Bunge likisha kukaa kama Kamati ya Matumizi, katibu husoma fungu na vifungu vyake, mwenyekiti huwahoji wabunge, wanaoafiki husema "Ndiyo", wasioafiki husema "Siyo", na mwenyekiti, kwa sikio lake tu, hutamka kwamba walioafiki wameshinda. Hivyo ndivyo lipitavyo Fungu 38 la Ngome, na Fungu 39 la Jeshi la Kujenga Taifa, na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Ni kweli kwamba mwisho wa mjadala wa bajeti kila mbunge huitwa kwa jina lake na kujibu kwa kinywa chake. Lakini jibu hilo ni la bajeti nzima: barabara, dawa za zahanati, mishahara ya walimu na risasi, vyote vimefungwa katika tita moja. Aliyejibu "Ndiyo" aweza kuwaambia wapiga kura wa leo kwamba aliafiki dawa, na wa kesho kwamba aliafiki bunduki, na mara zote mbili asiwe amesema uwongo.

Hicho ndicho kichaka cha mgombea wa Tanzania. Yadaiwa katika kurasa hizi kwamba kichaka hicho hakina budi kufyekwa. Kwamba kura ya fedha za vita haifanani na kura nyingine, na mtu aliyeipiga hana haki ya kurudi kuomba kura za watu mpaka aeleze alikubali nini, kwa vita vipi, na hadi wapi. Hayo hayasemwi kwa kuwa vita vya Tanzania vilikuwa vya dhuluma. Vita vikubwa kuliko vyote vilivyopiganwa na taifa hili, vita vya Kagera, vilikuwa vya haki katika chanzo chake, na hilo halitatiwa shaka hapa hata kidogo. Basi na aulize msomaji: ikiwa vilikuwa vya haki, mbona walioviafiki hawana majina?

Watu wa Morogoro na milima ya Uluguru wana sababu yao wenyewe ya kulijali jambo hili, nayo ni ya zamani kuliko Bunge la Tanzania. Walipokuwa chini ya Wajerumani, fedha za kuwatawala na za kuwapiga ziliamuliwa Berlin, katika Bunge lililoitwa Reichstag, ambalo wao hawakulichagua. Tarehe 13 Desemba 1906, moto wa Maji Maji ukiwa bado haujazimika wote, Bunge hilo lilikataa nyongeza ya fedha za vita dhidi ya Waherero na Wanama katika Afrika Kusini Magharibi. Kura zilihesabiwa: 177 zilikataa, 168 zilikubali. Siku hiyo hiyo Kansela von Bülow alilivunja Bunge, na waliokataa wakalazimika kurudi kwa wapiga kura kujitetea. Wasoshalisti wa August Bebel waliitwa maadui wa taifa lao, na katika uchaguzi wa Januari 1907 viti vyao vikaanguka kutoka 81 hadi 43. Hakuna haja ya kuwasifu wapiga kura wale. Waliwaadhibu watu kwa kukataa kulipia mauaji. Walakini waliadhibu wakijua ni nani aliyekubali na nani aliyekataa, na Bebel hakwenda kwao akisema kwamba alikuwa ameafiki barabara.

Miaka 7 baadaye, tarehe 4 Agosti 1914, Bunge lile lile lilikubali mikopo ya vita ya marki bilioni 5. Karl Liebknecht, aliyeipinga mikopo hiyo ndani ya kikao cha chama chake, aliinama mbele ya nidhamu ya chama na kuikubali pamoja na wenzake. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo mikopo ya pili ilipoletwa, alikataa, peke yake. Yeye aonekana katika kumbukumbu mara mbili: mara ya kwanza kama mtu aliyetii, mara ya pili kama mtu aliyejitenga. Mwana historia aweza kumlaumu kwa ya kwanza na kumheshimu kwa ya pili, au kinyume chake, kwa sababu amepewa vya kuhukumia.

Na vita vile vilifika Uluguru. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuizunguka milima hadi Kisaki, huku majeshi yote mawili yakibebewa mizigo juu ya vichwa vya Waafrika. Mpagazi aliyeanguka njiani hakuwa na mbunge wa kumwuliza. Mjukuu wake anaye. Yule wa kwanza alinyimwa kura, huyu wa pili amepewa kura lakini amenyimwa habari ya kuipigia. Na mtu asiyeijua habari ya mwakilishi wake hajatoka mbali sana na babu yake.

Yamkini atatokea msomi wa kusema kwamba wakulima wa milimani hawawezi kuyahukumu mambo ya hazina na majeshi. Historia yao yamkanusha. Mwaka 1955 waliukataa mpango wa matuta uliowekwa na utawala wa Waingereza, wakaukataa hadharani, mbele ya uso wa wakubwa, hata mpango ukaachwa. Tena mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, TANU ilipowawekea wapiga kura wagombea wawili wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, watu wa Morogoro walimchagua Amir Jamal, mtu wa asili ya Kihindi, dhidi ya mgombea Mwafrika. Uchaguzi ule ule ulimwangusha Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Jamal ndiye aliyekuja kuishika wizara yake. Watu walioweza kumpima mtu kwa kazi yake na kuiacha rangi yake kando, wakati nchi haijatimiza miaka 4 tangu kupata uhuru, hawashindwi kupima kura ya fedha za jeshi. Wanaoogopa kupimwa ni wengine.

Sasa na vitazamwe vita vyenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa ya Uganda. Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Taifa likaitika. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likakua kupita 100,000 pamoja na mgambo, na magari ya mashirika na ya watu binafsi yakakusanywa kupeleka askari na vyakula upande wa magharibi ya Ziwa. Mboga za Mgeta haziteremki zenyewe hadi Dar es Salaam. Hushuka kwa lori. Lori likienda vitani, kabichi huoza shambani, na mwenye kabichi huwa amechangia vita bila ya kuandikwa mahali popote. Hakuna dalili kwamba mkulima alinung'unika kwa hilo. Aliyevamiwa ni ndugu yake.

Lakini vita vile havikuwa kimoja, vilikuwa vitatu, na hapa ndipo penye kiini cha shauri hili. Cha kwanza kilikuwa kumtoa mvamizi katika ardhi ya Tanzania, na kazi hiyo ilikwisha kabla ya vita kwisha. Cha pili kilikuwa kumfuata ndani ya nchi yake mpaka utawala wake uanguke. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Cha tatu kilikuwa kukaa Uganda, jeshi la Tanzania likilinda nchi ya watu huku serikali za Kampala zikipinduana, ya Lule, ya Binaisa, na kadhalika, hadi askari wa Tanzania walipoondoka mwaka 1981. Mtu aweza kuafiki cha kwanza kwa moyo wake wote, akaafiki cha pili kwa kufikiri sana, na akakikataa cha tatu. Aweza pia kuviafiki vyote vitatu na kuwa na hoja nzuri, maana mvamizi aliyeachwa na nguvu zake hurudi, na nchi iliyoachwa bila utawala huzaa mvamizi mwingine. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kile cha pili, nayo Tanzania ikajibu. Mataifa ya kigeni yalibishana juu ya jambo hili kwa majina ya wakuu wao. Mpiga kura wa Matombo hakupata kumsikia mbunge wake akilitenga moja na jingine.

Na malipo yalikuwa yake. Gharama ya vita hutajwa kuwa kiasi cha dola milioni 500, fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Si haki kuvitwika vita peke yake dhiki yote iliyofuata, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na bei ya mafuta ikapanda upya mwaka 1979. Hata hivyo Nyerere mwenyewe aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikazaa mingine. Sabuni, sukari na nguo zikawa vitu vya kupangiwa foleni. Mwishoni mwa mwaka 1979 Edwin Mtei alijiuzulu Wizara ya Fedha kwa kutokubaliana na Rais juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na Jamal akarudishwa katika kiti hicho. Mtu ampende Mtei au asimpende, akubali kwamba aliweka jina lake chini ya rai yake na kulilipia. Na Jamal naye, aliyesimama kusoma hesabu chungu kwa sauti yake mwenyewe, hakujificha. Waliojificha ni wengi waliokaa nyuma yao.

Oktoba 1980 ulifanyika uchaguzi. Wagombea wa Chama cha Mapinduzi walipelekwa wawili wawili mbele ya watu katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wabunge wengi wakaangushwa, na wakaaji wa vijijini wakawa wameonyesha hasira yao. Hasira ya nini hasa? Hapo wataalamu hukisia: bei ya mazao, maduka matupu, mbunge asiyeonekana kijijini. Hawana budi kukisia. Mwaka 1907 mpiga kura wa Ujerumani alijua anamwadhibu nani na kwa nini. Mwaka 1980 mpiga kura wa Tanzania alipiga gizani, na huenda aliyeangushwa ndiye aliyekuwa amenong'ona "Siyo", na aliyerudi ndiye aliyepaza "Ndiyo" kuliko wote. Sikio la mwenyekiti halitunzi siri wala halitoi ushahidi.

Mgombea akibanwa hutoa majibu ambayo msomaji ameyasikia mara nyingi. Husema kwamba nchi ilikuwa imevamiwa. Jibu hilo latosha kwa vita vya kwanza na halitoshi kwa vya tatu, na mtu anayelitumia kwa vyote anafanya kama mwenye deni la shilingi mia anayeonyesha stakabadhi ya shilingi thelathini. Husema tena kwamba mambo ya ulinzi ni ya siri. Idadi ya mizinga na mahali ilipo ni siri, na ibaki siri. Walakini jina la mbunge si mzinga. Adui hapati faida yoyote kwa kujua kwamba mwakilishi fulani wa Uluguru aliafiki. Aliyefichwa habari kwa desturi hii ni mwananchi, ambaye ndiye mlipaji.

Jibu lenye uzito zaidi ni la chama. Husemwa kwamba chini ya chama kimoja mbunge hakuwa na uhuru wa kukataa, na kwa hiyo kumdai hesabu ya kura yake ni kumwonea. Kuna ukweli hapa usiopaswa kupuuzwa. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza wanachama kadhaa, na wabunge waliokuwa miongoni mwao wakapoteza viti vyao. Kila aliyebaki aliijua bei ya ulimi. Lakini mwaka 1973 Bunge lile lile la chama kimoja liliukataa kwanza muswada wa kodi ya mapato, likatishwa, ndipo likaupitisha. Basi neno "Siyo" lilikuwako kinywani, ila lilikuwa ghali. Nani aliyesema kwamba uwakilishi ni kazi rahisi? Liebknecht alitii nidhamu ya chama mwezi Agosti na kuivunja mwezi Desemba, na katika miezi hiyo minne gharama ya kuivunja haikuwa imepungua. Mbunge aweza kuwaambia wapiga kura: "Niliogopa." Ni jibu la kibinadamu, na watu waliokwisha kuishi chini ya Mjerumani na Mwingereza waijua hofu vizuri. Lisilovumilika ni kujifanya kwamba hofu ilikuwa ushujaa, na kisha kuomba kura kwa ushujaa huo.

Kisha husemwa kwamba umoja ni silaha, na kwamba kuwahesabu wabunge mmoja mmoja wakati wa vita ni kuigawa nchi. Na tujaalie iwe hivyo. Novemba 1978 ni mbunge gani angekataa? Kama angeitwa kila mmoja kwa jina na kila mmoja akajibu "Ndiyo" kwa sauti ya kusikika, je, umoja huo usingekuwa na nguvu kuliko kelele za pamoja ambazo hakuna awezaye kuzitenganisha? Wazee waliowatoa vijana wao kwenda mpakani waliwatoa kwa majina. Waliolala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera, walikwenda kwa majina. Askari huandikwa jina anapoingia jeshini, huitwa jina asubuhi, na jina huenda nyumbani kwake akifa. Katika msururu wote huo wa kutoa roho na mali, aliyeruhusu fedha ndiye peke yake asiyeandikwa.

Wapo wanaotaja Marekani kama onyo. John Kerry, alipogombea urais mwaka 2004, alijaribu kueleza kwamba alizikubali dola bilioni 87 za vita vya Iraq kabla ya kuzikataa, na akachekwa nchi nzima. Ni kweli alichekwa, na pengine alionewa, kwa kuwa kura hizo mbili zilihusu mapendekezo mawili yasiyofanana. Lakini hata kuonewa kwake kulitokana na kitu kinachosomeka; aliyetaka kumtetea aliweza kufungua kumbukumbu na kuonyesha tofauti. Kumbukumbu hizo hizo zinaonyesha kwamba Septemba 2001 Barbara Lee wa California alikataa peke yake kumpa Rais ruhusa ya kutumia jeshi, kura 420 kwa 1, na wapiga kura wake wakamrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi hadi alipoondoka katika Bunge hilo Januari 2025. Mmoja alidhihakiwa, mwingine akaaminiwa. Katika desturi ya Tanzania wote wawili wangekuwa sauti mbili ndani ya mvumo.

Wala jambo hili si la makumbusho. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 44, yampa Rais mamlaka ya kutangaza kuwapo kwa hali ya vita, na kumtaka Spika, ndani ya siku 14, aliitishe Bunge lizungumze na kufikiria kupitisha azimio la kuliunga mkono tangazo hilo. Ibara ya 90 nayo yamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Naam, mwakilishi ana upanga juu ya shingo, na hilo limekwisha kukubaliwa hapo juu. Walakini ibara ya 44 yahusu vita vilivyotangazwa, na siku hizi askari huenda pasipo tangazo. Baada ya azimio 2098 la Baraza la Usalama la mwezi Machi 2013, Tanzania ilipeleka wanajeshi wake mashariki ya Kongo katika kikosi kilichopewa ruhusa ya kushambulia, si kulinda tu. Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kazi ile yawezekana ilikuwa njema na ya lazima. Mgombea wa Mvomero au wa Morogoro Kusini aliyekuwa Bungeni miaka ile na aseme hivyo, na aonyeshe mahali alipolisema.

Linalodaiwa ni dogo mno hata ni aibu kwamba ladaiwa. Mafungu ya ulinzi yapigiwe kura peke yake, kwa kuitwa majina, kama ipigiwavyo bajeti nzima. Na azimio lolote la vita, au la kupeleka majeshi nje ya mipaka, lipite kwa njia hiyo hiyo. Haitaongeza shilingi moja katika gharama za Bunge isipokuwa saa chache za katibu kusoma orodha. Wabunge waliokwisha kuzoea kushika shilingi ya mshahara wa waziri kwa ajili ya daraja au kisima hawatashindwa kukaa saa hizo.

Mpaka hapo itakapofanywa hivyo, mkulima wa Mgeta anayetaka kujua mwakilishi wake aliliamulia nini Fungu 38 hana pa kwenda isipokuwa kwenye Taarifa Rasmi ya majadiliano. Atazikuta hotuba, pongezi kwa Amiri Jeshi Mkuu, maombi ya nyumba za askari. Halafu atalikuta fungu lenyewe na kiasi chake cha fedha, na chini yake, ndani ya mabano, maneno kwamba limepitishwa na Kamati ya Matumizi bila mabadiliko yoyote.